Risasi ya kulungu: nguvu kiasi gani inatosha?

*Swali: Shikamoo mzee. Nimekulia Mombasa, sasa naishi Brooklyn Park, Minnesota, na ni muuguzi. Nimemaliza darasa la usalama wa mwindaji, na mwenzangu kazini amenikaribisha shambani kwao karibu na Brainerd msimu wa kulungu, Novemba. Mimi ni mfupi na mwembamba. Dukani nimeambiwa ninunue .300 Winchester Magnum nisije nikajuta. Mume wangu ana .223 ya bolti ya kupigia koyote, anasema inatosha. Pesa niliyonayo ni ya bunduki moja tu. Nguvu kiasi gani inatosha kwa kulungu bila kumtesa mnyama? Na nisipowahi kununua, nichukue hiyo .223?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza darasa. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Nunua bunduki ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi, ya 6.5 Creedmoor au ya 7mm-08 Remington, yenye kitako kifupi, na uitilie risasi ambayo kichwa chake, kile kipande kinachoruka, ni cha kutanuka na kina greini 140, yaani gramu 9 na kidogo. Ile .300 iache hapo hapo dukani. Ile .223 ya mumeo nitaifikia mwishoni.

Kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji kule Rungwa, Tanzania. Mara nyingi mnyama aliyejeruhiwa na kutupotea alikuwa amepigwa kwa bunduki kubwa mno kwa bega la aliyeishika. Mgeni alikuwa akifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, risasi inakwenda tumboni, na sisi tunabaki kufuata damu mpaka jua linazama. Ndiyo maana nikisikia mtu mwembamba, anayeanza, ameshauriwa kununua .300 Magnum kwa ajili ya kulungu, siwezi kunyamaza.

Tumtazame kwanza huyo kulungu wa mkia mweupe. Jike mzima wa Minnesota ana kama kilo 65, dume mzima kama kilo 77, na madume makubwa hupita hapo. Si nyati. Ngozi yake ni nyembamba, mbavu zake ni nyepesi. Risasi haimuui kwa kumsukuma wala kwa mshindo, inamuua kwa kutoboa. Kichwa cha risasi kikipita mapafu yote mawili, mapafu yanasinyaa, damu inamwagikia kifuani, shinikizo linaporomoka na ubongo unakosa oksijeni. Wewe ni muuguzi, hayo unayajua kuliko mimi. Katika sekunde chache zilizobaki anaweza bado kukimbia yadi 50, hata 100 (yadi ni pungufu kidogo ya mita), kisha anaanguka. Asipoanguka papo hapo usidhani risasi yako ilikuwa dhaifu. Hivyo ndivyo mnyama aliyepigwa vizuri anavyokwenda.

Akikusimamia ubavu, moyo na mapafu yake yako kwenye eneo la ukubwa wa sahani ndogo, kama sentimita 20 kwa upana, nyuma tu ya mguu wa mbele, chini kidogo ya katikati ya kifua. Kazi ya risasi ni kufika hapo, kutanuka kiasi, na ikiwezekana kutokea upande wa pili ili kuacha njia ya damu chini. Ukiipima kazi hiyo kwa takwimu, utashangaa jinsi inavyohitaji nguvu kidogo.

Wawindaji wa Marekani kwa muda mrefu wametumia kipimo cha nishati cha futi-pauni 1,000, kama jouli 1,356, pale risasi inapomgusa kulungu. Ni kipimo cha makadirio, maana jouli peke yake haijui kama imepiga pafu au utumbo, lakini kinasaidia kulinganisha. Chukua umbali wa yadi 200, ambao kwenye misitu ya Brainerd hutaufikia mara nyingi. Risasi ya kawaida ya .308 Winchester yenye kichwa cha greini 150 hutoka mtutuni na jouli kama 3,590, na kwa yadi 200 bado ina kama 2,300. .243 Winchester ya greini 100 inabaki na kama 1,800. 6.5 Creedmoor ya greini 140 inabaki na karibu 2,500: inatoka polepole kuliko .308, lakini kichwa chake chembamba na kirefu hakipotezi kasi haraka. .300 Winchester Magnum ya greini 180 inabaki na karibu 3,500, zaidi ya mara mbili na nusu ya kile kipimo. Hiyo ziada yote haina pa kwenda. Itapita kwenye mwili wa kulungu na kuishia kwenye udongo nyuma yake, na wewe ndiye utakayekuwa umeilipia kwa bega na kwa pochi.

Ukitaka kuona nchi zenye sheria kali zinasemaje, Ujerumani inataka jouli 1,000 kwa mita 100 kwa yule kulungu wao mdogo, na kwa wakubwa wanataka kaliba, yaani unene wa risasi, isiyopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 kwa umbali huo huo. Uingereza inataka kaliba ya .240 na futi-pauni 1,700 mtutuni, kama jouli 2,300. Minnesota ni wapole: kaliba ya .22 au zaidi, fataki iwe katikati ya kitako cha ganda, na kichwa kiwe cha ncha laini au cha kutanuka. Hizo mbili nilizokupendekezea zinavuka mistari hiyo yote mitatu kwa raha.

Sasa kuna hadithi moja ya kwetu ambayo huku hutajwa kila ubishi wa kaliba unapoanza. Mskoti mmoja, Walter Bell, mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo, akiwinda pembe. Wakambandika jina la Karamojo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa .275 Rigby, ambayo ni ile ile 7×57 Mauser ya mwaka 1892. Ile 7mm-08 ya mwaka 1980 ninayokushauri ni ganda la .308 lililobanwa shingo hadi milimita 7, na nguvu yake inakaribiana sana na hiyo ya Bell.

Lakini wanaoisimulia kwa kujisifu huruka nusu yake. Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi kutoka kila upande. Alisogea karibu sana. Alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, maana alikuwa anatoboa mfupa kutafuta ubongo. Leo Tanzania haimruhusu mtu kumkabili tembo au nyati kwa kaliba iliyo chini ya .375, na sababu ni kwamba watu wenye mkono na moyo kama wake ni wachache mno. Cha kuchukua kwake ni ule msumeno: jua ndani ya mnyama kuna nini, kisha uchague chombo cha kufika hapo. Kichwa kigumu alichotumia, wewe huruhusiwi kukitumia kwa kulungu wa Minnesota, na hata ungeruhusiwa ningekukataza. Kingepita mapafuni na kuacha tundu jembamba, mnyama angekwenda mbali sana kabla ya kufa.

Hapo ndipo ninapoomba utumie muda zaidi kuliko kwenye jina la kaliba. Vichwa viwili vya uzito mmoja, vinavyotoka kwa kasi moja, vinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda kulungu mkubwa kuliko wote huko Kanada, yule anayeitwa musi, kwa .300 Holland & Holland Magnum. Bunduki ya nguvu hiyo, na bado vichwa vilipasukia nje kwenye ngozi iliyoganda matope, havikuzama. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hutanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kuchimba. Kampuni yake ilianza mwaka 1948 kwa ajili ya kichwa hicho, na bado kinauzwa. Nguvu ilikuwapo tele, kilichokosekana ni kichwa cha kuibeba hadi ndani.

Kwa hiyo ukifika dukani usiseme tu "nipe 6.5". Tazama boksi. Risasi za shabaha zenye tundu dogo kwenye ncha ni za kutoboa karatasi, hazikuundwa kutanuka kwa namna ya kutegemewa. Unataka boksi lililoandikwa wazi kwamba ni la kuwindia. Kwa kulungu aliyesimama ubavu, ncha laini ya kawaida ya bei nafuu inatosha kabisa kwenye kasi ya wastani ya 6.5 Creedmoor au 7mm-08. Ni zile zenye kasi kubwa, kama magnum, ambazo kwa umbali wa karibu hukipasua kichwa laini vipande vipande na kuharibu nyama ya bega zima. Hapo ndipo magnum inapokula kitoweo chako.

Na kwa kuwa una familia, nikuambie jambo jingine. Mwaka 2008 idara ya maliasili ya Minnesota ilipiga mizoga kwa risasi za aina mbalimbali na kuichunguza kwa eksirei. Ilionekana kwamba vichwa vya madini ya risasi humwaga chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo husambaa mbali na tundu kuliko wengi walivyodhani. Kama watoto watakula nyama hiyo, nunua vichwa vya shaba tupu, vya greini 120 hadi 130 kwa 6.5. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, ndiyo maana uzito unashuka kidogo, na inahitaji kasi ili itanuke, ila kwa umbali utakaopigia kasi itakuwapo. Hata ukitumia shaba, kata nyama iliyovilia damu karibu na tundu uitupe.

Sasa bega lako. Kwa bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini, .243 inapiga teke, yaani inarudi nyuma begani, la jouli kama 12. 6.5 Creedmoor ni kama 17, 7mm-08 inazidi kidogo hapo, .308 kama 21, .30-06 ya greini 180 kama 28, na .300 Winchester Magnum inakwenda hadi 38. Mara mbili na zaidi ya 6.5. Watu wengi huanza kuogopa teke mahali fulani kati ya .308 na .30-06, na woga huo hauna uhusiano na ushujaa. Mwili unajifunza kwamba kidole kikivuta, maumivu yanakuja, basi unajikaza mapema. Bega linasukuma mbele, mtutu unainama, macho yanafumba. Kwa yadi 100, mtutu ukiinama kidogo tu, umetoka kwenye mapafu.

Kuna njia ya kujipima, nami humfanyia kila ninayemfundisha. Nenda na mwenzio uwanja wa shabaha. Yeye ndiye aijaze bunduki nyuma yako, wewe usione. Mara aweke risasi hai, mara aifunge bolti chumba kikiwa kitupu. Wewe lenga na uvute kana kwamba ipo. Kikilia "tak" kitupu na darubini haikutikisika kwenye shabaha, uko salama. Mtutu ukichota chini kama unaochokoa udongo, umejionea mwenyewe kinachotokea kila unapopiga, ila siku zote mlio ulikuwa unakificha. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakibadilika rangi kwenye jaribio hilo.

Kitako ni muhimu kuliko watu wanavyojua. Bunduki nyingi zimepimwa kwa mwanamume wa urefu wa wastani. Wewe ukiishika hiyo, utalazimika kurefusha shingo kuifikia darubini, na kitako kitakaa kwenye mkono badala ya mfuko wa bega. Hata teke dogo hapo linauma. Tafuta iliyotengenezwa kwa wenye mikono mifupi, au yenye vipande vya kuongeza na kupunguza urefu. Uijaribu ukiwa umevaa koti lako la Novemba, si fulana ya Agosti, kwa sababu koti nene linaongeza urefu kati ya bega na jicho. Darubini ifungwe ukiwa umeegemeza shavu kwa starehe, na ibaki nafasi ya vidole vinne kati ya kioo na jicho. Mwenye magnum na darubini iliyo karibu mno hutambulika kwa kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi.

Nyingine nizipitie haraka. .243 ya mwaka 1955 ni nzuri, haiumizi, na kulungu wengi sana wameliwa kwa ajili yake. Sikuipa nafasi ya kwanza kwa sababu kichwa chake chepesi kinakubana: mnyama akikaa mshazari na ukakutana na mfupa wa bega, akiba yake ni ndogo. .308 na .30-06 ya mwaka 1906 zinafaa mnyama yeyote wa huku, na risasi zake ziko kila duka. Ukikosa kabisa risasi za zile mbili karibu na kwenu, chukua .308. .30-30 ya mwaka 1895 inapendwa msituni, fupi, nyepesi, lakini kwa yadi 200 imeshuka hadi jouli kama 1,160. Ihesabie yadi 150, usizidishe. .270 sina neno baya juu yake, ila teke lake liko kati ya la .308 na la .30-06.

Kati ya 6.5 Creedmoor na 7mm-08, moyo wangu uko kwa 7mm-08, kwa kulungu ni kaliba iliyokamilika. Lakini ile 6.5, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo utakayoikuta kwenye rafu nyingi, kwa bei nafuu, na anayeanza anahitaji risasi nyingi za mazoezi. Kulungu hatatambua tofauti. Fuata rafu. Na pesa iliyobaki kwa kutonunua .300, ambayo risasi zake ni ghali zaidi, igeuze kuwa maboksi ya mazoezi. Ila kabla hujalipa, kama bado uko kwa viza ya muda na si ukaazi wa kudumu, jua kwamba sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza hizo kushika bunduki isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda. Uiombe leseni kwanza, uende nayo dukani.

Isawazishe bunduki ipige katikati kwa yadi 100. Ukifika yadi 200, 6.5 itakuwa imeshuka sentimita 9 au 10, bado umo ndani ya mapafu ukilenga katikati. Lakini umbali wako hautapangwa na risasi. Kata karatasi ya duara la sentimita 20, uiweke, ukae vile utakavyokaa porini, chini au ukiegemea fimbo, si kwenye meza ya uwanja. Piga tano. Umbali ambao zote tano zinaingia ndio mpaka wako mwaka huu, hata kama ni yadi 80. Ukishapiga, usikimbilie. Kaa kimya, vuta na urudishe bolti kuingiza risasi nyingine, tazama alipopita. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni ya mapafu, utamkuta karibu. Nyekundu iliyoiva na nzito ni ya ini, subiri saa kadhaa kabla ya kumfuata. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, subiri zaidi, maana ukimsukuma mapema atakwenda mpaka mashamba ya watu.

Sasa .223 ya mumeo. Kisheria yuko sahihi. Kwa yadi 100, risasi ya kawaida ya greini 55 ina jouli kama 1,250, tayari iko chini ya kile kipimo cha zamani, na kwa 200 inashuka hadi 880. Tena risasi nyingi za koyote zimeundwa kupasuka mara zinapogusa, na hizo zikikutana na mbavu za kulungu zinaweza kuishia juu juu. Kama Novemba itakukuta hujanunua, itumie kwa masharti haya: kichwa cha kuwindia kulungu, cha shaba au kilichoungwa (kiini chake kimegandishwa kwenye gamba lake), cha greini 60 na kuendelea, kilichojaribiwa kwenye bunduki hiyo hiyo, maana baadhi ya mitutu ya .223 haivipigi sawasawa vichwa virefu. Yadi 75, si zaidi. Mnyama awe ubavu kabisa, ametulia. Akikaa mshazari, akikutazama, akitembea, mwache apite. Ukiona huwezi kumwachia dume mkubwa apite kwa sababu amesimama vibaya, basi usiichukue .223 msimu huu. Nenda bila bunduki, ukae na mwenzio kwenye kituo chake, umwone akipiga na akichuna, na ununue ya kwako baada ya msimu, wakati maduka mengi hupunguza bei.